Singida, Nchi ya Kuku

Ukitoka Nzega na kushika barabara kuu ya kwenda Dodoma, utapita Igunga, kisha utaingia mbuga ya Wembere, ambayo masika hugeuka matope na kiangazi hupasuka kama chungu kibovu. Ukifika Shelui gari huanza kupanda mlima Sekenke. Huko juu nchi ni nyingine: upepo ni wa baridi, miti ni mifupi, na ukikaribia mji wa Singida utaona majabali makubwa yamelala mashambani kama ng'ombe waliochoka. Mahali hapa pana urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, na upepo haukomi.

Wasafiri wengi hupita Singida wamelala usingizi. Wanaoamka huamshwa na kelele za kuku, maana matenga yaliyojaa kuku hupakiwa kwenye magari kwenda Dar es Salaam, na huko kuku wa Singida ana jina lake. Lakini anayekula mchuzi haulizi kifaranga alilelewaje. Mimi nilikaa siku nne katika kijiji kimoja cha Wanyaturu mwezi wa Julai, kwa kazi ya vitabu vya parokia, na jioni nilizitumia katika jiko la mama mwenye nyumba. Karibu nawe uketi.

Kwanza ujue kwa nini kuku wengi huatamishwa mwezi wa Juni. Uwele na mtama vimekwisha kuingia nyumbani, punje zimetapakaa kila mahali, nao mitetea wamenenepa na kutaga vizuri. Yai la Juni laleta kifaranga Julai, na jogoo wa Julai, akilishwa vema, huuzwa Desemba au mwanzo wa Januari, wakati ule ule watoto wanapodai daftari, sare na viatu. Ng'ombe ni wa baba, na hauzwi kwa ajili ya jozi ya viatu. Kuku ni wa mama. Hesabu ni nzuri, ila ina shimo katikati. Kifaranga wa Julai huzaliwa katika baridi, vichaka vikiwa vitupu na mwewe akiona kila kitu toka juu, na kabla hajawa jogoo kiangazi huleta mdondo. Si ajabu kuku kuangua kumi na kubaki na watatu. Viatu vya Januari vimo katika hao saba waliokufa.

Yule mama alikuwa na koo mweusi akiatamia pembeni mwa jiko, juu ya nyasi kavu zilizonyunyiziwa majivu kuzuia utitiri. Nilimwuliza, "Mama, mbona umempa mayai kumi na moja tu, naye ni mkubwa?" Akanijibu, "Karani, wewe ukijifunika shuka fupi, ukivuta kichwani miguu hukaa nje. Na yai ndivyo." Kila yai alikuwa amelitia alama ya mkaa, ili kuku mwingine akija kutaga humo, yai geni lijulikane na kuondolewa. Mayai yenyewe aliyachagua: yasiwe na ufa, yasiwe yameoshwa, wala yasiwe yamekaa zaidi ya siku kumi. Aliyatunza mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, maana upande ule mpana ndiko iliko hewa atakayoivuta kifaranga siku ya kutoka.

Siku ya saba huyapima. Zamani walitumia kibatari na karatasi iliyokunjwa. Siku hizi taa ya simu katika chumba cha giza yatosha kabisa. Ukiona mishipa myekundu imetandaa kama miguu ya buibui, uhai umo. Ukiona weupe mtupu, yai halikuwa na mbegu, toa. Kuacha viza chini ya kuku ni kungoja lipasuke na kuchafua mema. Katika chuo cha ualimu nilijifunza kuchora yai ubaoni na kuliandika sehemu zake zote, lakini nasema kweli, picha ile haifiki hata robo ya hii unayoiona kwa macho yako gizani, kitu kidogo kikitikisika.

Koo huyageuza mayai mwenyewe mara nyingi kwa siku, na huondoka mara moja tu kula na kunywa. Kwa hiyo wekeni maji na nafaka karibu naye. Anayekwenda mbali kutafuta huacha mayai yapoe. Siku ya ishirini utasikia sauti ndani ya maganda, na ya ishirini na moja yatapasuka. Hapa akina mama wengi, kwa huruma, hubandua ganda ili kumsaidia aliyechelewa. Msifanye hivyo! Mishipa ya damu bado imeshika ndani ya ganda, na kiini hakijaingia chote tumboni mwake. Kiini hicho ndicho chakula chake cha kwanza, nacho humtosha siku mbili hivi. Ndiyo maana koo anaweza kuwangoja ndugu wa mwisho bila wa kwanza kufa njaa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika vijiji vyetu vingi, kuku akishaangua huachwa azunguke na watoto wake uwanjani tangu siku ya kwanza, na watu husema kuku ajua kulea. Anajua, lakini hawezi kumshinda mwewe, nguchiro, kicheche na umande kwa pamoja. Yule mama ana tenga kubwa, lile lile la kubebea kuku sokoni. Mchana hulifudikiza uwanjani kivulini, koo na vifaranga ndani, jiwe juu. Maji huyatia katika kisahani chenye vijiwe, wasije wakazama. Chakula ni uwele uliopondwa, mashudu ya alizeti, ambayo Singida hayakosekani, na vumbi la dagaa likipatikana. Tena kuna mchwa. Hujaza chungu nyasi kavu na samadi yenye maji kidogo, hukifudikiza jioni juu ya njia ya mchwa, na asubuhi hukuta nyama ya bure. Watoto wa nyumba hugombea kazi hiyo.

Usiku tenga huingia jikoni, na magunia hutandazwa chini na pembeni, kwani kifaranga hana joto lake mwenyewe mpaka aote manyoya, yapata wiki ya tatu au ya nne. Kama koo amekufa au amewakataa, fanyeni kinengunengu: duara la mkeka au maboksi, na katikati chungu cha mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, kimefunikwa wasiungue. Wakijikusanya na kulia, wana baridi. Wakikimbilia kingo na kuachama midomo, wana joto. Lakini dirisha liwe wazi daima. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua vifaranga, na huua watu pia.

Umebaki mdondo. Wazungu huuita kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ambako ulionekana mwaka 1926. Kuku husinzia, huharisha kijani, shingo hupinda, na kwa siku chache banda lote ni kimya. Dawa ya kuuponya hakuna, kinga ipo. Chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia katika miaka ya 1990, hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, nayo hutengenezwa nchini katika maabara ya serikali ya mifugo. Hudondoshwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kifaranga pia hupewa. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo majirani huchanga na kuchanja siku moja. Na hapa niseme wazi: mtu aonaye kuku wake wameanza kusinzia akawakimbiza mnadani kuwauza upesi, huyo anauza kifo kwa vijiji vitano. Nimewaona wenye desturi hiyo, nao hujiita werevu.

Baada ya wiki nne hivi, yule mama huwatenga vifaranga na mama yao. Koo hulia siku mbili tatu, kisha husahau, na baada ya majuma machache huanza kutaga tena, wakati kuku wa jirani bado anatembea na wake bila yai hata moja. Nilipoondoka, vifaranga wa koo mweupe walikuwa tisa chini ya tenga, wa siku kumi na mbili. Majogoo wataondoka Desemba. Mitetea hauzi, hata ukimwongezea bei.