Rashasha Nyepesi na Upinde wa Kahama

Wazee wetu walioisikia kwa mara ya kwanza enzi za Wajerumani waliiita bombomu, kwa kufuata mlio wake. Ilikuwa Maxim, rashasha aliyoibuni Hiram Maxim mwaka 1884, na msomaji anayeijua historia ya Maji Maji atakumbuka boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, ambapo rashasha mbili zilitosha kuwafyeka watu waliokuja kwa maelfu na mikuki yao. Maandishi mengi kuhusu bombomu hushangazwa na wingi wa risasi zake. Mimi kinachonishughulisha zaidi ni uzito wake. Mtutu ulipozwa kwa maji, bunduki ilikaa juu ya kigoda cha chuma, na vyote hivyo, pamoja na masanduku ya risasi, vilihitaji mabega. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 mabega hayo yalikuwa ya wapagazi. Watu wa Unyamwezi na Usukuma, ambao babu zao walizoea kupeleka pembe za ndovu pwani kwa ujira, safari hii walikamatwa na kulazimishwa kubeba vita ya wengine, na wengi wao hawakurudi.

Rashasha nyepesi ilizaliwa kama jibu la tatizo hilo la mzigo. Maofisa wa Ulaya walitaka moto wa Maxim uende kwa mwendo wa askari atembeaye kwa miguu. Mmarekani Isaac Lewis akatoa bunduki yake mwaka 1911: kilo 13 hivi, ikipozwa kwa hewa, na risasi 47 katika sahani ya mviringo iliyokaa juu yake. Neno "nyepesi", basi, lilikuwa na maana ya kijeshi tu. Anayetaka kulipima aikumbuke debe la maji la lita 20, alijaze zaidi ya nusu, kisha alikimbize mlimani huku akipigwa risasi.

Babu yangu mzaa mama aliubeba uzito wa namna hiyo nchini Burma. Alikuwa askari wa KAR katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika ya huko na kuuelekea mto Chindwin. Silaha yake ilikuwa Bren. Kuhusu Wajapani alisema machache sana, na kuhusu njaa zaidi kidogo. Kuhusu Bren angeweza kusema mpaka kuku walale.

Jina lenyewe ni ndoa ya miji miwili: Brno ya Chekoslovakia, ambako Václav Holek alisanifu bunduki mama iitwayo ZB vz. 26, na Enfield ya Uingereza, ambako ilirekebishwa itumie risasi ya Waingereza ya .303. Iliingia jeshini mwaka 1938 ikiwa na uzito wa kilo 10 na ushei. Kazi yake inaeleweka hata kwa asiye fundi. Risasi inapopita mtutuni, sehemu ya gesi ya baruti huchepushwa kupitia kitundu na kuisukuma pistoni nyuma. Pistoni hufungua chemba, ganda hutupwa nje kwa chini, springi hurudisha kila kitu mbele pamoja na risasi mpya. Hayo hurudiwa kiasi cha mara 500 kwa dakika, ikiwa mpigaji hatakiachia kifyatulio. Magazini ya risasi 30 husimama juu ya bunduki, jambo lililowalazimu wasanifu kuisogeza shabaha upande wa kushoto. Imepinda kwa sababu risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, na ukingo wa risasi moja ukikaa nyuma ya ule wa risasi inayoifuata, bunduki inakwama. Babu alijaza 28 tu, ili asiichoshe springi.

Ilipokwama, kulikuwa na utaratibu ambao aliukariri hadi uzeeni katika Kikeya, kile Kiswahili cha KAR ambacho sisi wa vyuo vikuu hukicheka na ambacho kilitosha kuwaunganisha watu wa makabila kadhaa chini ya mabomu. Vuta mpini nyuma, badilisha magazini, lenga, piga. Ikikataa tena, geuza kidhibiti cha gesi kwenye tundu kubwa zaidi. Mtutu ukipata moto, namba mbili anafungua komeo, anautoa kwa mpini wake wa mbao na kuweka mwingine kwa sekunde chache. Namba mbili! Hapo ndipo sauti ya babu ilipobadilika. Bren ilikuwa bunduki ya watu wawili, na kila askari wa seksheni alibeba magazini kwa ajili yake. Namba mbili wake alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo. Alibaki Burma.

Baada ya vita vikosi vya KAR vya hapa viliendelea na desturi zao mpaka uhuru, vikageuzwa jina kuwa Tanganyika Rifles. Kambi yao ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1941 nchini Ethiopia, na ni humo yalimoanzia maasi ya tarehe 20 Januari 1964. Jeshi hilo likavunjwa, JWTZ likaundwa Septemba mwaka huo, na nchi ikageukia kwa kiasi kikubwa Uchina kwa mafunzo na silaha. Hapa historia ya chuma inaingia katika sura nyingine.

Mrusi Vasily Degtyaryov alikuwa amesanifu mwaka 1944 rashasha iitwayo RPD, ambayo Wachina waliinakili na kuipa jina la Aina ya 56. Ina kilo 7.4, na mkanda wa risasi 100 uliokunjwa ndani ya kopo chini ya bunduki. Mtutu wake haubadilishwi vitani kama wa Bren, kwa hiyo mpigaji hulazimika kujizuia. Lakini jambo kubwa ni risasi: milimita 7.62 kwa 39, ile ile ya Kalashnikov, ambayo Watanzania tumezoea kuiita SMG. Kwa kamanda ni urahisi mkubwa, maana sanduku moja linalisha bunduki zote. Urahisi huo huo haumuulizi mtu yuko upande gani.

Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Jeshi letu lilikuwa limepanuliwa haraka kwa kuita mgambo, na ghala za jeshi lililosambaratika la Uganda zikaachwa wazi. Silaha zilitembea. Zilishuka kusini pamoja na barabara na mifugo, mpaka kwetu.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka kumi. Wezi waliokuja usiku katika boma la baba, wilayani Kahama, hawakuwa na rashasha ya mkanda. Walikuja na mdogo wake, SMG, mbili kwa hesabu ya baba. Waliswaga ng'ombe wote isipokuwa ndama mmoja mgonjwa. Asubuhi baba alitembea hadi kituo kimoja cha polisi, akaambiwa alete mashahidi na mafuta ya gari. Babu, ambaye alikuwa ameisikia milio, alisema tu kwamba wapigaji wale hawakufundishwa, kwa kuwa walimaliza magazini nzima kwa pumzi moja.

Ni katika hali hiyo Sungusungu walizuka, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Kahama na wilaya za jirani. Upinde, mishale yenye sumu, filimbi, na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokewa kijiji kwa kijiji. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, ingawa wanasheria wengi walisita, na sheria ya mwaka 1989 ikawaingiza rasmi katika mfumo wa mgambo. Ng'ombe walirudi kuwa salama. Hilo nililiona, na sikubali libezwe na watu wa mjini.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Tulikuwa tukijadili Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayozitaka serikali za ukanda wetu kutia alama kila bunduki, na sheria yetu ya silaha ya 2015. Alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, mshale haumzuii mwenye SMG. Wapeni Sungusungu bunduki, mziandikishe, basi." Darasa lilimpigia makofi.

Nilimjibu kwanza kwa hesabu. Mshale haukushinda kwa masafa. Wezi walishindwa kwa sababu mwano ulikimbia kuliko wao, na kila kijiji walichokifikia kilikuwa macho. Hakuridhika, na kwa haki. Ndipo nikamweleza habari za jirani yetu, bibi mjane mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, ambaye Sungusungu wale wale waliotulindia ng'ombe walimhukumu kwa uchawi. Waliamuru asiuziwe chumvi, asichotewe maji, asisalimiwe. Siku ya nne alijitwika kikapu chake akaelekea Nzega kwa ndugu zake, na vijana wenye pinde wakamsindikiza kwa mbali mpaka mpakani mwa kijiji. Baba alikuwa miongoni mwao. Nilimwambia binti yule kwamba bibi alifika Nzega, akaishi miaka tisa zaidi, na kwamba nilikuwa nikijiuliza angefika wapi kama vijana wale wangekuwa na kitu kingine mikononi.

"Na ng'ombe wa baba yako, Mwalimu," akaniuliza, "walirudi?"

Hawakurudi.