Kwa nini hadithi za nyanya ni faili za maandishi tu

Watu kadhaa wameniuliza kwa nini tovuti yangu ya hadithi haitumii WordPress kama za wenzangu. Leo nijibu.

Nina hadithi 43 alizonisimulia nyanya. Kila moja ni faili ya maandishi matupu: mstari wa kwanza ni kichwa, halafu zinafuata aya, na kati ya aya na aya kuna mstari mtupu. Ndani hamna tagi hata moja. Skripti ya Perl inazisoma zote na kutoa kurasa za HTML, pamoja na ukurasa wa orodha.

Larry Wall alitoa Perl mwaka wa 1987, na kazi ya kuchezea maandishi ndiyo inayoiweza hasa. Andika hivi:

$/ = "";

Sasa haisomi tena mstari kwa mstari, inasoma aya kwa aya. Hata ukiacha mistari mitupu mitano, inahesabu kama mmoja. Kilichobaki ni kutia <p> mbele na </p> nyuma.

Lakini kwanza kuna herufi za kubadilisha, tena kwa mpangilio huu:

s/&/&amp;/g;
s/</&lt;/g;
s/>/&gt;/g;

Alama ya & lazima itangulie. Ukianza na < utapata &lt;, kisha mstari wa & utaigeuza kuwa &amp;lt; na msomaji ataona takataka kwenye skrini.

Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu pia: ng'. Ukiandika title='Ng'ombe wa Sultani', kivinjari kitadhani kichwa kimeishia kwenye Ng, na ng'ombe atakuwa amekata kamba. Tumia alama mbili mbili, na zile zilizomo ndani ya kichwa zigeuze ziwe &quot;.

Najua wengine wametangulia. John Gruber alitoa Markdown mwaka wa 2004, nayo iliandikwa kwa Perl. Tom Preston-Werner akaleta Jekyll mwaka wa 2008, kwa Ruby. Ni nzuri, zitumieni. Yangu haifiki mistari 60 na naielewa yote.

WordPress nayo sisemi ni mbaya. Ila huko hadithi hukaa ndani ya hifadhidata ya seva, na kuitoa ni shughuli. Kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti yangu ilipofunga, ilitupa siku tatu tu za kuhama. Kuna waliohangaika. Mimi nilinunua nafasi kwingine, nikapakia kurasa, na jioni ile ile shangazi zangu walikuwa wakisoma kwenye simu. Hadithi ndefu kabisa ni kilobaiti 9, haili bando la mtu.

Nyanya alifariki mwaka wa 2019. Hakuna wa kumwuliza tena sungura alisema nini kisimani. Kwa hiyo sitaki hadithi hizi zitegemee programu moja, yangu ikiwemo. Herufi za Kiswahili zote zimo ndani ya ASCII, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1963, na UTF-8 ya leo inaisoma vile ilivyo. Perl ikisahaulika, wajukuu wataandika skripti nyingine kwa lugha yao. Faili zitakuwa zinawangoja.

Kama una mzee nyumbani, anza na faili moja. Skripti baadaye.