Nyimbo za Kupokezana: Kutoka Kibiti hadi Mikoko ya Rufiji

Kabla ya NUTA, kabla ya Msondo na Sikinde, marehemu Muhidin Maalim Gurumo alipitia bendi iliyoitwa Rufiji Jazz. Enzi hizo bendi zilipenda kubeba majina ya kwao: Kilwa Jazz, Ulanga Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Gurumo alikuwa mtoto wa Masaki, Kisarawe. Mwaka 1964 akaingia NUTA Jazz, na tangu hapo sauti yake ikawa ya Watanzania wote. Jina la Rufiji Jazz ndilo lililonivuta kusini. Nilitaka kusikia nchi iliyoipa bendi jina inaimba nini leo. Zaidi ya hapo nilitaka kujua nani anaimba wimbo wa nani, na kama anamtaja.

Barabara ya Kilwa ina muziki wake tangu unapopanda basi. Mbagala ndiko alikoishi Bi Shakila Said wa "Macho Yanacheka" mpaka alipofariki Agosti 2016. Tulipoiacha Mkuranga, kondakta aliweka "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, iliyotoka 2016. Mama mmoja wa kiti cha mbele akasema kwa sauti kwamba wimbo huo ni wa Saida Karoli. Kijana wa nyuma akamjibu kwa adabu: "Hapana mama, huo wa Diamond." Kila mmoja alikuwa na haki yake. Saida, binti wa Kagera, aliimba "Maria Salome" kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watu wa mikoa yote wakaucheza hata pale ambapo hawakuelewa neno. Waliokuja baadaye walichukua mahadhi na kiitikio, wakatia midundo ya leo na Kiswahili cha mjini. Jina la Saida likarudi redioni, na watoto waliokuwa hawajazaliwa alipovuma wakaanza kumtafuta. Naamini hilo ndilo jambo jema kuliko yote ambayo kuimba upya kunaweza kumfanyia msanii aliye hai. Lakini mbona yule kijana alikuwa hajui? Swali hilo nilikwenda nalo hadi Kibiti.

Kibiti ni mji wa njiani, kilomita kama 140 kutoka Dar es Salaam. Malori ya Lindi na Mtwara husimama, wauza korosho hukimbilia madirisha, na muziki nao hushuka na kupanda kama abiria. Jirani na stendi kuna vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu. Unatoa memori kadi, unachagua, unalipa. Katika kompyuta ya kijana aliyenihudumia kulikuwa na singeli, taarabu, kaswida, Bongo Fleva na zilipendwa. Nikaomba zilipendwa. Wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe ulikuwamo mara tatu: ule wa asili wa Morogoro Jazz, mwingine uliopigwa na bendi ya harusi, na wa tatu uliokimbizwa kwa kasi ya singeli. Hakuna hata mmoja ulioandikwa jina la Mbaraka. Ziliandikwa namba na jina la kibanda kilichozinakili. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Gitaa lake bado linawalisha watu wengi, na katika kadi ile hakuwa na jina.

Jioni nilikwenda kusikiliza bendi inayopiga kopi katika baa moja pembeni mwa barabara. Hapo nilianza kulinganisha kwa makini, maana kopi ya Kibiti haifanani na kopi ya hoteli za Dar es Salaam. Kule hotelini mwanamuziki husifiwa akitoa wimbo ulivyo kwenye sahani, pumzi kwa pumzi. Hapa mpiga solo, mzee wa makamo mwenye gitaa lililofungwa waya wa ziada, aliheshimu ubeti wa kwanza, kisha akaufungua wimbo. Chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, lilipoanza, tumba zikahamia katika mapigo niliyoyasikia katika ngoma za Uzaramoni, mwimbaji akaanza kutaja majina ya watu waliokuwa wamekaa, na waliotajwa wakainuka kutunza. Wimbo wa Morogoro ukawa wa Kibiti mbele ya macho yetu.

Wakati wa mapumziko nikamsogelea mpiga solo. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamuuliza anajisikiaje kupiga nyimbo za wengine maisha yake yote. Alinijibu kwamba alijifunza gitaa kwa kusikiliza Radio Tanzania, akiwa amekaa karibu na redio ya baba yake, na kwamba hakuna aliyejifunza kwa njia nyingine. Wizi, akasema, si kupiga kopi. Wizi ni kumnyamazia mwenyewe. Na kweli kabla ya kila wimbo alikuwa akitaja bendi, mtunzi na mpiga solo wa kwanza. Nilikaa mpaka mwisho nikimsikiliza akitaja.

Maneno yake yanaeleza historia nzima ya dansi letu. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha sahani za kutosheleza bendi zake. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kuchezwa hewani, na waliotaka sahani walikwenda Nairobi. Wanamuziki nao walihama. Mwaka 1978 Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka kwenye Juwata, ambayo ndiyo NUTA ya zamani, wakaenda kuianzisha Mlimani Park pamoja na wenzao. Kila aliyehama alibeba namna yake ya kuvuta sauti na kupokea kiitikio, na bendi aliyoiacha ikaendelea kuzipiga nyimbo zake kwa sauti ya mtu mwingine. Mashabiki wa Msondo, yaani Juwata, na wa Sikinde, yaani Mlimani Park, wanabishana mpaka leo, lakini mishipa ya bendi hizo mbili inachota damu moja.

Tena, mitindo yenyewe ilitoka wapi? Msondo ni ngoma ndefu ya unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Bendi zenye gitaa za umeme na saksafoni ziliazima majina kwa bibi zao, na pamoja na majina zikaazima mapigo. Mikono ya kulia ya wapiga dansi wetu ilikuwa imesikiliza Cuba, kwa sababu sahani za GV zilizoleta rumba ya Havana zilienea pwani yote, hata Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba. Mikono ya kushoto ilikuwa nyumbani. Na nyimbo hazikuwa zikiingia tu. Mwaka 1968 kundi la Uingereza la The Tremeloes lilirekodi "Helule Helule" ya Daudi Kabaka wa Kenya.

Kutoka Kibiti nilirudi hadi Bungu, nikaingia njia ya Nyamisati, ambako watu hupanda boti za Kilindoni, Mafia. Baada ya minazi na mikorosho ardhi inalainika, inakuwa matope, kisha mikoko inaanza. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na hakuna msitu wa mikoko unaoushinda kwa ukubwa Afrika Mashariki. Boriti zake zilijenga nyumba za Arabuni kwa karne nyingi. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakapakia, yakarudi na kusi, na mabaharia waliokaa miezi kusubiri upepo hawakukaa kimya.

Humu ndani ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha, na ndimo ilipozamishwa Julai 1915. Mizinga yake ikaopolewa na kuburutwa nchi kavu kuendeleza vita. Naiandika hapa kwa sababu vita hiyo hiyo ndiyo iliyoitawanya beni. Ngoma ya beni ilianzia Lamu na Mombasa, vijana wakiiga matarumbeta na gwaride la Wazungu. Askari na wapagazi wakaichukua kambi hadi kambi, mpaka Tanganyika nzima ikawa na vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na nyimbo. Wakubwa wa serikali waliona watu wanawaiga. Hawakuona kwamba katika kuiga kule mashairi yalikuwa ya wenyewe, na mengine yaliwasema wao. Kuanzia miaka ya 1930 bendi za dansi zikaanza kuchipua mijini kutoka katika vyama na vijana wa aina hiyo.

Katika kijiji kimoja ndani ya delta nilikuta harusi. Wanawake walikaa mduara, ngoma mbili na debe moja, na mmoja akaanzisha. Mahadhi yalinishtua, kwa kuwa nilikuwa nikiyajua. Nilikwisha kuyasikia Mombasa katika taarabu ya mtindo wa marehemu Juma Bhalo, aliyekuwa hodari wa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya sinema za Kihindi. Basi sauti iliyotoka katika studio ya Bombay ilikuwa imefika kwenye matope ya Rufiji, inapigiwa debe, na maneno yake yanamhusu bwana harusi na shamba la mpunga.

Nilimwendea bibi aliyeongoza. "Shikamoo bibi. Wimbo huu mmeutoa wapi?" "Marahaba mjukuu wangu. Huu wa shoga yetu wa Mafia." Akanieleza kwamba uliletwa na mwanamke aliyeolewa hapo kutoka kisiwani, na jina lake limo katika ubeti wa mwisho, hawauimbi bila kulitaja. Bombay hawaijui wala Mombasa hawaitaji. Wanamtaja aliyewapa mkononi. Washairi wa pwani wamefanya hivyo tangu zamani: utenzi ukikaribia mwisho, mtunzi hujitaja na kuomba dua. Wanawake wa delta wameuendeleza utaratibu huo kwa mleta wimbo, na mimi nauona bora kuliko karatasi nyingi za mikataba nilizowahi kuonyeshwa na wanamuziki wa mjini.

Unguja jambo hili lilipata mfano mkubwa. Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay na kundi lake mwaka 1928 kurekodi sahani, na sauti yake ikafika kila baraza la mwambao. Bi Kidude, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, alizisikia nyimbo hizo kwa Siti mwenyewe. Akaziimba mpaka uzee wake mkubwa, "Kijiti" ikiwamo, kwa sauti nzito iliyozigeuza kabisa: za Siti zilikuwa na ufundi wa visomo, za Kidude zina moshi na uwanja. Lakini kila mara alisema ni za Siti. Kidude huyohuyo alikuwa fundi wa unyago mwenye kuipiga msondo, ngoma ileile iliyoipa jina bendi ya Gurumo. Alifariki Aprili 2013, na Gurumo akamfuata Aprili 2014.

Unyago nao una neno lake. Nyimbo za ndani, zile za kumfunda mwali, sikuomba kuzisikia. Bibi yule alilalamika kwamba baadhi yake sasa zinasikika kwenye vigodoro, usiku, mbele ya watoto na wanaume, zikipigwa kwa spika kubwa. Niko upande wake. Wimbo wa dansi umetungwa ili usambae, na anayeupokea anaufanyia hisani. Wimbo wa mwali ulikabidhiwa watu maalumu kwa kazi maalumu, na kuutoa nje ni kuvunja ahadi ya watu ambao hawakuulizwa. Singeli siilaumu kwa kasi yake, wala kwa kukata vipande vya taarabu na kuvizungusha. Mchiriku wa Uswahilini ulifanya kazi yake kwa kinanda kidogo cha Casio na ukazaa muziki ambao dunia inaucheza. Ninachowaomba vijana hao ni kuuliza kabla ya kuchukua kutoka chumba cha unyago.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, na mtunzi anaweza kusajili kazi yake huko. Lakini sheria inahitaji jina, na "Malaika" inatukumbusha madhara ya kuchelewa kuliandika. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwaka 1960, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M na wengine wengi wakaufuata, na mpaka leo wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania. Fadhili William na Makeba wamekwisha kufariki, na fedha iliyopatikana kwa wimbo huo haiwezi tena kugawanywa kwa haki.

Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana wa vibanda vya nyimbo, Kibiti, Ikwiriri na kwingineko, maana ninyi ndio maktaba ya watu siku hizi. Mnaponakili wimbo, andikeni majina mawili, la aliyeuimba kwanza na la anayeuimba sasa. Na watangazaji wa redio, kabla hamjaucheza, yasomeni yote mawili.