Upanuzi wa Kiwanda ni Kiwanda Kipya

Neno "upanuzi" lina upole wake. Tunasikia upanuzi wa barabara, wa zahanati, wa shule, na mioyo yetu hutulia, kwa kuwa kinachoongezwa ni kile tulichokwisha kukizoea. Ndiyo maana kiwanda kinapoomba kupanuliwa, ombi lake aghalabu hupita bila mjadala ule unaokikabili kiwanda kinachojengwa mara ya kwanza. Kuta zipo, ajira zipo, kodi inalipwa, nani aulize? Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo panapostahili maswali mengi zaidi.

Kisa kinachonifanya niamini hivyo ni cha mji wa Bhopal nchini India. Kiwanda cha kampuni ya Union Carbide kilianza kazi mjini humo mwaka 1969, kikichanganya na kufungasha viuatilifu. Methili isosianeti, kemikali yenye sumu kali iliyohitajika katika kazi hiyo, ililetwa kutoka Marekani ikiwa ndani ya mapipa. Kisha kiwanda kikapanuliwa, na kuanzia mwaka 1980 kemikali hiyo ikazalishwa papo hapo na kuhifadhiwa kwa makumi ya tani katika matangi makubwa. Lango lilikuwa lile lile, jina lile lile, majirani wale wale. Hatari peke yake ndiyo iliyokuwa mpya.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi moja lililokuwa na takriban tani 40 za kemikali hiyo. Joto na mgandamizo vikapanda, gesi ikatoka na kushuka juu ya mitaa ya watu maskini waliokuwa wamelala karibu na kiwanda. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Watetezi wa waathirika wanasema idadi halisi ni kubwa zaidi kwa maelfu mengi.

Kinachopaswa kumkosesha usingizi kila mkaguzi ni kwamba, kwenye karatasi, kinga zote zilikuwepo. Kulikuwa na mtambo wa kuipoza kemikali, lakini ulikuwa umezimwa kwa miezi kadhaa. Kulikuwa na mnara wa kuichoma gesi inayovuja, lakini bomba lake lilikuwa limeondolewa kwa ajili ya matengenezo. Kifaa cha kuisafisha gesi nacho hakikuweza kuhimili kiasi kile. Mauzo ya viuatilifu yalikuwa yameshuka, na kampuni ilikuwa ikibana matumizi kwa kupunguza wafanyakazi na matengenezo. Mwandishi wa habari Rajkumar Keswani alikuwa ameanza kuandika maonyo yake tangu mwaka 1982. Hakusikilizwa.

Kutokana na kisa hicho napata maswali matatu ambayo mapitio ya upanuzi wowote hayana budi kuyajibu. La kwanza: ni kitu gani kipya kitakachohifadhiwa hapa, na kwa kiasi gani? La pili: ni nani wanaoishi hapa leo, na si siku cheti cha kwanza kilipotolewa? La tatu, ambalo ndilo husahaulika: kinga zilizoahidiwa zitagharimiwa na nani siku faida itakaposhuka?

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda mfanyakazi. Ya kwanza kwa kawaida hutazama nje ya ukuta wa kiwanda, ya pili ndani yake, na kila moja ina ofisi yake na wakaguzi wake. Gesi haiujui mpaka huo. Nchi za Ulaya zilijifunza hilo baada ya ajali ya Seveso nchini Italia mwaka 1976. Zilitunga maelekezo ya pamoja mwaka 1982, na yalipoandikwa upya mwaka 1996 yakadai pia kuwa umbali kati ya viwanda hatari na makazi uzingatiwe katika mipango miji.

Katika mkutano mmoja wa wadau niliowahi kuhudhuria, wananchi waliuliza kuhusu ajira, vumbi na malori. Mwishoni mama mmoja akasimama: "King'ora kikilia usiku, tukimbilie upande gani?" Akajibiwa kuwa hilo ni suala la kitaalamu. Huko Bhopal wengi walikimbia kuelekea kule kule gesi ilikokuwa ikienda, na hawakuwa wameambiwa kwamba kitambaa kilicholowa maji usoni kingeweza kuwasaidia. Swali la mama yule lilistahili sura nzima katika ripoti.

Atakayesema India ni mbali, na atazame Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 bila tathmini ya mazingira kufanyika kwanza, na sumu ikaingia katika damu za watoto. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na dhima ikaangukia pia taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Baada ya rufaa kadhaa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Mtumishi wa umma anayeshika kalamu na alisome shauri hilo kabla ya kutia saini.

Sipingi viwanda, vijana ninaowafundisha wanahitaji kazi. Ninachodai ni kwamba ripoti ya upanuzi ikipime kiwanda kizima, muhtasari wake ubandikwe katika ofisi ya mtaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mkaguzi arudi kila mwaka kuhakikisha kwamba mtambo wa kupoza bado unafanya kazi. Wanafunzi na wanaharakati, iombeni ripoti hiyo kwa maandishi. Muanze kuisoma kwenye ukurasa unaoeleza watu wakimbilie wapi. Usipokuwepo, ulizeni kwa nini.