Mizani ya Mwaloni

Mama msomaji, ukishuka Kirumba jijini Mwanza asubuhi, harufu ya dagaa hukupokea kabla hujaliona ziwa. Hapo ndipo Mwaloni, soko linalowavuta wafanyabiashara hata kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Wageni wengi hupiga picha Jiwe la Bismarck, wakaondoka. Mimi niliongozana na mama mmoja mjane wa Sengerema, mwenye magunia mawili ya dagaa na moja la michembe.

Tulivuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani tungengoja kivuko, na mzigo juani.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, nao akina mama waanikaji hukaa bila kazi. Jua likiwaka, siku moja yatosha kukausha. Mvua ikiwakuta mchangani, dagaa hubadilika rangi na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. "Siku hiyo, dada, nadaiwa ndoo za watu na watoto wanangoja ada," aliniambia. Wanaoanikwa juu ya chanja hawana mchanga na bei yao ni nzuri, ila chanja hutaka miti, nyavu na fedha ya kuanzia.

Kilichomuudhi zaidi ni lumbesa. Mnunuzi wa viazi huja kijijini na gunia lililoongezwa kilemba juu, akalipa kama gunia moja. Kanuni za vipimo zinataka mzigo usizidi kilo 100. "Nikikataa, anakwenda kwa jirani."

Wasukuma wanaijua habari hii tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliweka wapimaji wao wenyewe, maana hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likaja kumiliki hata vinu vya kuchambulia pamba. Serikali ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Ushirika ulikuwa na makosa yake, wazee watakuambia, hasa malipo ya kuchelewa. Lakini nani leo anasimama upande wa mama huyu gunia linapopimwa?

Tulipofika Mwaloni, mnunuzi aliitazama michembe akasema, "Kilo sabini, mama." Mwenzangu hakubishana. Alifungua khanga akatoa mizani ya kuning'iniza, waliyoinunua akina mama kumi na wawili kwa kuchangishana baada ya ibada. Mnunuzi alicheka. Wachukuzi wawili wakainua gunia kwa mti.

Kilo 81.

Mnunuzi akarudia kupima kwa mizani yake, akanyamaza, akahesabu fedha. Tukahamia kwenye dagaa.