Thuluthi ya Bibi Mkuu

Mama yetu hakuwa na fungu katika mirathi ya Bibi Mkuu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyanya yetu, bintiye, alitangulia mbele ya haki akimwacha mamake hai, na wana wa kiume wa Bibi Mkuu walikuwapo. Mtoto wa binti harithi pamoja nao. Ndivyo sharia ilivyo. Wasomaji wetu wengi mnaijua hali hii, maana katika nyumba nyingi mayatima hukaa kando wajomba wakigawana.

Bibi Mkuu alikuwa mzaliwa wa Mombasa. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyempandisha treni hadi Kitale, ambako reli ilikuwa imefika tangu mwaka 1926. Mji ulikuwa wa walowezi na mahindi yao, na baridi yake aliisimulia hata uzeeni kana kwamba imempata jana. Nazi zilisafiri kwa magunia kutoka pwani, nyingine zikifika zimeoza. Hakuacha kukuna zilizopona. Alipofiwa na mume alihamia Bungoma. Huko alipika vitumbua alfajiri na kushona kofia usiku, na kofia moja yaweza kula miezi. Majirani Wabukusu walimwita Kukhu, yaani nyanya, naye akawaitikia “mulembe” kwa lafudhi ya Mji wa Kale.

Kwa vitumbua na kofia alinunua kiwanja, akajenga vyumba sita vya kupangisha.

Shule hakuwahi kuingia, lakini chuoni alifundishwa Kurani, na kwa herufi zile zile za Kiarabu aliandika wasia wake kwa Kiswahili, katika daftari la hesabu za mchele. Akaushuhudisha kwa watu wawili wa msikitini. Hakulalamikia sharia, aliitumia nafasi iliyomo ndani yake. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Saad bin Abi Waqqas kuusia thuluthi ya mali yake, tena akamwambia kuwa hiyo ni nyingi. Thuluthi hiyo huusiwa asiyekuwa mrithi, baada ya gharama za mazishi na madeni. Bibi Mkuu hata deni la ratili mbili za mchele alilitaja.

Vyumba sita, thuluthi yake viwili. “Vya upande wa kisima,” aliandika, “ni vya watoto wa marehemu binti yangu. Kodi yake iwasomeshe, wa kike kwanza.”

Mmoja wa babu zetu alinung'unika, kwani vyumba vya kisimani ndivyo vilivyokuwa na kodi nono. Lakini hesabu ilikuwa sahihi na mashahidi walikuwa hai. Mama akasoma, akawa mwalimu, akarudi Kitale alikoanzia Bibi Mkuu.

Daftari analo yeye, limefungwa katika leso. Sisi vitukuu, ni wawili tu tunaoweza kulisoma bila kusaidiwa. Vyumba vile bado vina wapangaji, na kodi ya muhula huu imemlipia karo kilembwe wa Bibi Mkuu, msichana wa sekondari.