Kulala Porini Bila Senti: Kutoka Bariadi Mpaka Ziwani

Leo nataka kuwaeleza habari ya safari ndogo niliyoifanya mwisho wa mwezi wa Oktoba pamoja na mtoto wa dada yangu. Safari yenyewe haikuwa ya mbali, lakini ilitufundisha mambo ambayo yanaweza kumfaa kila mwenye watoto wanaopenda kutembea.

Kijana huyo alikuwa amekwisha kumaliza masomo ya sekondari, naye alikuwa nyumbani akingoja kuitwa chuoni. Siku moja jioni akaniambia, “Mjomba, twende kwa baiskeli mpaka ziwani. Tulale porini kama watalii, ila sisi tusilipe kitu.”

Mimi nikacheka. Nikamwambia, “Babu zako walilala porini kabla watalii hawajaijua nchi hii.” Na ni kweli. Zamani Wasukuma walikuwa wakienda kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kutafuta chumvi. Walikwenda kwa misafara, siku nyingi, katika nchi yenye simba na yenye maji machache. Walikuwa na kiongozi wao na miiko yao, na kila jioni walijua pa kulala. Hata leo wachungaji hulala nje na ng’ombe wao wakati wa kiangazi, majani yanapokwisha karibu na nyumbani. Basi kulala nje si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kwamba vijana wetu wamesahau namna ya kuchagua mahali.

Tulifunga mizigo yetu kwenye baiskeli mbili: turubai moja, vyandarua viwili, sufuria, panga, kamba, tochi, dumu la maji, unga, na mfuko wa michembe na matobolwa aliotupa dada yangu. Msomaji usiyetoka Usukumani, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Ni chakula kizuri cha safari, hakiozi upesi wala hakihitaji moto mwingi.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kwa hesabu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nchi hii ni tupu. Upande wa mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, pamoja na Pori la Akiba la Maswa lililowekwa mwaka 1962. Upande wa magharibi liko Ziwa Victoria. Katikati ni mashamba ya pamba na mahindi, malisho, mibuyu, na mawe makubwa yaliyopandana kama nyumba.

Kijana alikuwa na hamu ya kwenda mashariki, kwa kuwa huko ndiko kwenye miti na wanyama. Nikamkataza. Nikamweleza kwamba ndani ya hifadhi na ndani ya pori la akiba hapana mahali pa bure. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka kila aingiaye katika pori la akiba awe na kibali. Asiye nacho hukamatwa, hata kama hakuchukua kitu. Tena hatari yenyewe ni kubwa. Vijiji vilivyo karibu na mpaka vinajua jinsi tembo wanavyokuja usiku kula mahindi, na jinsi watu wanavyokesha wakipiga madebe. Mtu anayelala peke yake penye njia ya tembo anayachezea maisha yake.

Basi tukashika njia ya magharibi. Kutoka Bariadi mpaka Lamadi kuna barabara ya lami, kama kilomita 72 hivi, na basi huimaliza kwa muda mfupi. Lakini sisi hatukuwa na haraka. Tuliiacha lami mara kwa mara tukafuata njia za vijijini.

Usiku wa kwanza ulitukuta karibu na ngitili. Wengi wenu mnaijua ngitili: ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani na miti viote, kisha hufunguliwa kiangazi wakati ng’ombe wana njaa. Desturi hii ni ya zamani, lakini ilikaribia kufa. Miti mingi ilikatwa katika nchi hii, kwanza ili kufukuza mbung’o, halafu ili kupata mashamba ya pamba, hata watu wakaanza kupikia mavi ya ng’ombe. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Wazee walirudisha ngitili zao, nyingine za ukoo, nyingine za kijiji. Kazi hiyo ikasifiwa hata nje ya nchi.

Kijana alipoiona ile miti akafurahi sana. “Hapa, mjomba! Hapana mtu.” Akataka kutandika turubai pale pale. Nikamwambia tuulize kwanza. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukamweleza majina yetu, tutokako na twendako. Akatuma mtoto atupeleke kwa mzee mwenye ngitili. Mzee akatutazama, akatazama baiskeli zetu, akauliza, “Mna kiberiti?” Nikajibu, “Tunacho, baba.” Akasema, “Basi mpike hapa uani kwangu, kisha mkalale kule ukingoni bila moto. Majani haya yamekauka. Cheche moja ikiruka, ng’ombe wa watu ishirini watakosa chakula.”

Tukafanya hivyo. Mama wa nyumba akatuongezea maziwa ya mgando. Usiku walinzi wa sungusungu walipita, wakatumulika na tochi, wakasema, “Ni wale wageni,” wakaenda zao. Hapo kijana akaelewa faida ya kuuliza. Kama tungejificha, walinzi wale wangetudhania wezi wa ng’ombe, na mwizi wa ng’ombe akikamatwa usiku hapewi nafasi ya kujieleza.

Usiku wa pili ndio uliokaribia kutuharibia safari. Alasiri tulifika penye mto mdogo wa mchanga. Mito mingi ya kwetu ndivyo ilivyo. Hata Simiyu yenyewe, ambao umeupa mkoa jina, hupungua sana wakati wa kiangazi. Watu huchimba mashimo mchangani ili kupata maji ya kunywa. Mchanga wa mto ule ulikuwa mweupe na laini kama kitanda. Juu yake palikuwa na mkwaju mkubwa wenye kivuli kizuri. Hapakuwa na shamba, wala nyumba karibu, wala majani ya kushika moto. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nilipapenda. Tukashuka, tukafunga turubai, tukawasha moto mdogo mchangani, tukachemsha maji ya shimoni.

Jua lilipokuwa linazama, akatokea mchungaji mzee akirudisha ng’ombe wake nyumbani. Tukamsalimu. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akauliza, “Mtalala humo?” Kijana akajibu kwa furaha, “Ndiyo, babu. Mchanga ni laini.” Yule mzee hakucheka. Akaelekeza fimbo yake upande wa mashariki. Mbali sana kulikuwa na wingu jeusi, na umeme ukimetameta bila sauti. Akasema, “Mvua ile si yenu, lakini maji yake ni yenu. Hameni.”

Nakiri kwamba nilisitasita. Juu yetu mbingu ilikuwa safi, na nyota zilikuwa zimeanza kuonekana. Kijana alinung’unika kwamba amekwisha kufunga kamba zote. Lakini nilikumbuka kwamba yule mzee anaishi hapo, na mimi ni mpita njia. Tukabeba kila kitu mpaka juu ya ukingo, mbali na mto, mahali penye kokoto na miiba. Tulilala vibaya, na kijana hakunisemesha.

Saa nane ya usiku nikaamka. Nilisikia sauti kama lori linalokuja mbali. Nikamwamsha kijana, tukasogea kidogo na tochi. Maji yalikuja na povu, matawi, na takataka za kiangazi kizima. Kwa muda usiozidi kupika ugali, mchanga wote ulikuwa umefunikwa, na pale tulipowasha moto palikuwa na kina cha kumzamisha mtu. Juu yetu halikuwa limeanguka hata tone moja. Kijana alinishika mkono, akausahau ukubwa wake. Asubuhi tulimtafuta yule mzee tumshukuru. Tulimkuta akikamua. Tukamwambia, “Wabeja, babu.” Yeye akajibu kwamba miaka iliyopita aliwahi kupoteza ndama wawili mahali pale pale.

Siku ya tatu tukafika Lamadi, katika Wilaya ya Busega, penye njia panda ya Mwanza na Musoma. Hapo mtu huiona Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Ghuba yenyewe ina jina la yule Mwingereza John Hanning Speke, aliyeliona ziwa hili upande wa Mwanza mwaka 1858. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wameliona kabla yake.

Mara hii kijana hakusubiri kuambiwa. Alikwenda mwenyewe kwa viongozi wa mwalo, akaomba mahali. Wakatuonyesha uwanda mdogo nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Wakatuambia tusilale penye njia nyembamba iliyolala majani pande zote mbili, kwa sababu hiyo ni njia ya kiboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na ukimkalia kati yake na maji atakukanyaga. Tena wakatukataza kuchota maji penye magugu jioni, kwa ajili ya mamba.

Mimi nikamkataza pia kuoga ziwani. Kando ya ziwa, penye konokono, kuna kichocho, na kidudu chake huingia kwa kupenya ngozi. Mtu haoni kitu, wala hasikii maumivu makubwa siku ile, lakini baadaye hukojoa damu au huumwa tumbo. Tulichota maji, tukayachemsha, yakapoa, ndipo tukaoga na kunywa.

Usiku ule mwezi haukuwapo, nao ndio usiku wa wavuvi wa dagaa. Taa zao zilienea juu ya maji, nyingi, hata ungedhani kuna mji mwingine umejengwa ziwani. Tukakaa tukizitazama mpaka usingizi ukatushika. Hatukulipa senti hata moja. Asubuhi tulisaidia kutandaza dagaa juani kwa saa moja, tukapewa kisadolo kimoja tuwapelekee nyumbani.

Sasa, kwa wale watakaopenda kufanya safari kama yetu, nasema hivi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Basi anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye atakuonyesha mwenye mahali. Fika kabla jua halijazama, ili uone njia za wanyama, siafu na matawi makavu juu ya kichwa chako. Kaa juu ya ukingo, kamwe usilale mchangani mwa mto, hasa kuanzia Oktoba mvua zinapoanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Wewe hulali siku zote, lakini kipimo hicho ni kizuri hata kwa usiku mmoja: maji hayachafuki, nawe uko salama zaidi. Usikate mti mbichi. Moto uuzime kwa maji mpaka uweze kutia mkono katika majivu. Usibebe maji katika chombo kilichokuwa na dawa ya pamba, hata kikioshwa mara kumi. Chandarua usikiache nyumbani. Na takataka zako rudi nazo.

Tulipokuwa tunarudi, kijana alikaa kimya muda mrefu akikanyaga baiskeli yake. Kisha akasema, “Mjomba, nilidhani mahali pa bure ni mahali pasipo na mwenyewe.” Nikamjibu kwamba mahali pa namna hiyo sijapaona Simiyu. Ngitili ile ilikuwa na mzee wake, mto ulikuwa na mchungaji wake, na ufuko ulikuwa na wavuvi wake. Wote walitupa kwa hiari, na mmoja wao alituokoa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii wenyeji ndio waliotuponya sisi wageni.

Kijana ameitwa chuoni, naye yuko huko sasa. Amenitumia habari kwamba wakati wa likizo atakuja na rafiki zake wawili, nao wanataka kulala nje. Nimemjibu waje, lakini wa kwanza kumwona awe yule mzee wa mtoni, na wasiende kwake mikono mitupu. Wamchukulie sukari.